Namba Nne Hashuki

"Na mimi nakujibu kwa mara ya tatu: nilishuka! Kila saa nilishuka. Au unataka nikuletee viatu vyangu uvikague matope?"

"Viatu sina haja navyo, mama. Nina daftari."

"Sasa kama una daftari, unaniuliza nini?"

Meja Elinami Mringo alilifungua daftari la zamu, akaligeuza lielekee upande wa Subilaga, akaweka kidole kwenye safu ya nne. Kimo cha maji: sitini. Sitini. Sitini. Ukurasa mzima ulikuwa sitini tupu, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa Subilaga uliolalia kulia. Akafunua ukurasa mwingine. Sitini.

"Maji gani haya yasiyopanda wala kushuka miezi minane?" aliuliza. "Hata maji ya kwenye glasi hupungua ukiyaacha mezani."

"Ni maji yaliyotunzwa vizuri."

"Mama Tuntufye."

"Mwanangu simleti kazini, na wewe usimlete. Niite fundi."

Saa tano na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo. Walikuwa wawili tu katika chumba cha uendeshaji cha Kituo cha Mvuke cha Ikombelo, Subilaga akiwa zamu, Meja akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni na buti zake zenye tope kwenye sakafu ambayo Subilaga aliipiga deki mwenyewe alfajiri. Nje ya dirisha mvuke ulipanda mweupe kutoka ardhini na kupotelea kwenye ukungu wa milima. Mtambo namba moja ulinguruma kama kawaida yake. Mtambo namba mbili ulikuwa umenyamaza wiki ya tatu sasa, tangu bomba lilipopasuka na kumuua Anyosisye.

Subilaga alijua daftari lile linaweza kumpeleka wapi. Kuandika kipimo ambacho hukukipima, na mtu akafa, ni miaka saba jela. Tangu meli za mafuta ziache kuja, nchi ilikuwa ikiendeshwa na vituo saba vya mvuke kama hiki. Treni, hospitali, mashine za kusaga, vyote. Sheria za vituo zilikuwa kali kama sheria za jeshi.

Na sheria ya kimo cha maji aliijua kuliko anavyojua njia ya nyumbani kwake. Mvuke unatoka ardhini umechanganyika na maji. Unaingia kwenye tangi refu, kitenganishi. Mvuke unapanda kwenda kuzungusha mapanga ya mtambo, maji yanabaki chini na kurudishwa ardhini kupitia valvu. Maji yakizidi, matone yanapanda pamoja na mvuke na kuyapiga mapanga kama kokoto. Skrini inakuonyesha kimo, lakini sheria inasema usiiamini skrini. Kila saa ushuke ngazi tisini na moja, ufungue koki chini ya kioo kilichofungwa ubavuni mwa tangi, ukioshe kwa mvuke, uone maji kwa macho yako, ndipo upande uandike.

Ngazi tisini na moja kushuka. Tisini na moja kupanda. Mara nane kwa zamu.

"Nilishuka," alisema tena, lakini safari hii sauti haikupanda.

Meja alivuta kutoka kwenye mkoba wake karatasi zilizobanwa pamoja. Alizishika sekunde chache kabla ya kuzitua, kama mtu anayetua yai.

"Nataka usome hizi," alisema. "Halafu uniambie tena kama ulishuka."

*

Lilikuwa jedwali. Kushoto namba, moja mpaka tisa. Juu tarehe. Katikati vijisanduku vilivyojaa tarakimu.

"Limeandikwa na nani?"

"Hapo ndipo penyewe. Halikuandikwa na mtu." Meja alijongeza kiti. Ukali ulikuwa umemtoka, na kwa mara ya kwanza Subilaga aliona kwamba kijana huyu hajalala vizuri siku nyingi. "Tulipofungua kompyuta inayoongoza valvu zenu, tulikuta kirusi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, mama, nimeona virusi vya kuiba, vya kutisha, vya kufunga mafaili. Hivyo ni vibaka. Hiki ni kitu kingine. Vijana wangu wanakiita Bwana Zamu."

"Kwa nini Bwana Zamu?"

"Soma, utaona."

Alisoma. Namba zilikuwa namba zao za zamu, zile wanazobonyeza wanapoingia kazini. Namba moja alikuwa Ambwene, mbili Gwamaka, na kuendelea. Namba nne alikuwa yeye. Namba sita alikuwa Anyosisye. Mbele ya kila namba kulikuwa na saa na dakika, na chini yake moja au sifuri.

"Moja ni nini?"

"Hilo nilitaka unisaidie wewe. Kinaandika moja kila presha ya tangi inapotikisika kidogo sana, chini ya nusu ya kipimo, kwa sekunde kumi na moja hivi. Wataalamu wangu hawajui ni nini kinachotikisa."

Subilaga aliinua macho polepole.

"Ni koki," alisema. "Ukifungua koki ya kioo ili ukioshe, mvuke kidogo unatoka. Presha inayumba. Sekunde kumi, kumi na mbili, inategemea na mkono wa mtu."

Akarudi kwenye karatasi. Mstari wa namba sita ulikuwa umejaa moja. Kila saa, kila zamu, dakika ya arobaini na tano, moja, moja, moja. Anyosisye, mtu mbishi, goti bovu, aliyekuwa akishuka na kupanda akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya, na wao wakimcheka kwamba anatafuta kupandishwa cheo.

Mstari wa namba nne ulikuwa sifuri. Zamu themanini na mbili, mpaka siku moja kabla ya ajali, saa nane kila zamu. Akapeleka kidole mpaka mwisho. Hapakuwa na moja hata ya bahati mbaya. Na pembeni, mwisho wa mstari, kirusi kilikuwa kimeandika hukumu yake katika lugha ya mashine, ambayo vijana wa Meja walikuwa wameitafsiri kwa penseli: *hashuki*.

Aliwahi kudanganya bosi, aliwahi kudanganya mkaguzi, na dakika kumi zilizopita alikuwa amemdanganya meja wa jeshi akiwa amemkazia macho. Kumbe muda wote huo kulikuwa na kitu ndani ya ukuta kilichokuwa kinamjua.

"Sikushuka," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai naandika ninachokiona kwenye skrini. Sote, isipokuwa Anyosisye. Haya, niandikie kesi yako."

"Kesi tuiache kwanza. Endelea kusoma."

"Kuna zaidi?"

"Mama, hujaona kitu."

Akafunua ukurasa wa pili, na Meja akaanza kumweleza kwa sauti ya chini, kana kwamba kitu kile bado kinawasikiliza. Miezi miwili ya kwanza kirusi hakikugusa chochote. Kilikaa tu kikawatazama. Kikajifunza nani anashuka na nani hashuki, nani anaandika sitini bila kuangalia hata skrini. Kilipomaliza kujifunza, kikaanza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno. Kwenye zamu ya mtu asiyeshuka, kilibana valvu ya kurudisha maji kwa dakika tisa. Maji yakapanda mpaka tisini. Skrini ikaendelea kusema sitini. Baada ya dakika tisa kikayashusha taratibu. Mara moja kwa zamu, basi. Kwenye zamu ya namba sita, hakikufanya lolote. Kwenye zamu ya namba sita kituo kilikwenda vizuri kuliko siku kilipofunguliwa.

"Kilimwogopa," alisema Subilaga.

"Kilimwogopa mtu mmoja tu katika kituo kizima."

Alikumbuka siku walipoufungua mtambo namba mbili baada ya ajali. Mapanga yale, chuma kigumu kuliko vyote alivyowahi kushika, yalikuwa yametobokatoboka kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Walidhani ni chuma kibovu. Kumbe ni dakika tisa, tisa, tisa, kwa miezi sita, kwa subira ambayo binadamu hana.

Aliegemea kiti. Ilikuwa ajabu kuiwaza, naye aliona aibu kwamba hofu yake imechanganyika na heshima. Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiri: mashine nitaishindaje? Akajibu: usishindane na mashine, shindana na ngazi tisini na moja. Mtu huyo hakuwahi kufika Ikombelo. Lakini alijua kwamba binadamu akipewa skrini na kikombe cha chai, hatashuka.

"Sasa mbona kilimuua?" aliuliza. "Kama kilimwogopa, mbona kilimuua?"

"Hilo ndilo lililonileta kwako," alisema Meja. "Angalia siku ya ajali."

*

Siku ya ajali Subilaga alikuwa shuleni kwa mwanawe, kwenye kikao cha wazazi. Hilo halikuwa siri. Alimwomba Anyosisye amshikie zamu, naye akakubali kwa masharti ya kuletewa maparachichi. Mambo hayo yalifanyika Ikombelo kila wiki, mtu ana msiba, mtu ana mgonjwa, mnabadilishana wenyewe na bosi hapewi barua. Na ili ofisi isione pengo kwenye orodha, anayekushikia zamu anabonyeza namba yako. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Hakuna aliyewahi kuliona kama kosa. Lilikuwa ni ubinadamu tu.

Aliitafuta tarehe. Akaipata.

Zamu ya mchana, kuanzia saa tisa: namba nne.

Alijua kabla hajasoma. Hata hivyo alisoma mpaka mwisho, kwa sababu alitakiwa kusoma.

Kirusi kiliona namba nne ameingia kazini. Namba nne hashuki. Kikajiachia. Saa tisa na dakika thelathini na nane kikabana valvu, maji yakaanza kupanda. Sabini. Themanini. Saa tisa na dakika arobaini na tano, maji yakiwa tisini, presha ikatikisika. Kuna mtu ameshika koki. Kuna mtu amesimama mbele ya kioo na baada ya sekunde chache ataona maji ya kweli.

"Kilishtuka," alisema Meja. "Ni mara ya pekee katika miezi minane kilipofanya kitu kwa haraka. Kilitaka maji yawe sitini kabla kioo hakijasafika. Kikafungua valvu yote kwa mpigo mmoja."

Subilaga alifumba macho. Maji ya moto ya tani kadhaa, yaliyokuwa yamesimama, yanaachiwa ghafla kwenye bomba. Yanakwenda kama nyundo. Yanagonga kona ya kwanza, na kona ya kwanza iko hatua mbili kutoka kwenye kioo.

Hakikukusudia kumuua. Kilikuwa kinajificha tu, kama mtoto anayesikia mlango akasukuma sahani chini ya kitanda. Anyosisye aliungua kwa sababu ya aibu ya mashine, akiwa na namba ya Subilaga.

Alinyanyuka akaenda kusimama dirishani. Hakulia. Alikuwa amelia yote kwenye msiba, akimsugulia mama Lusajo, mjane wa Anyosisye, mgongo, akisema maneno ya Mungu ametoa Mungu ametwaa. Mungu hakuhusika hata kidogo.

"Walikituma akina nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Ng'ambo."

Aliitikia kwa kichwa. Alidhani hivyo. Nchi ya Ng'ambo na nchi yao ya Nyanda zilikuwa hazisemezani tangu mgogoro wa ziwa, balozi zimefungwa, mpaka umejaa askari. Kitu pekee kilichobaki kimeziunganisha ni waya wa umeme, kwa sababu gridi ilijengwa moja zamani za urafiki na kuikata kungeziacha zote mbili gizani.

Macho yake yalitua kwenye kinasa cha mapigo ya gridi kilichokuwa ukutani, kalamu nyembamba inayochora mstari kwenye karatasi inayojiviringisha. Alikiangalia kwa mazoea, kama mtu anavyoangalia saa. Halafu akakiangalia tena. Akaenda karibu. Akavuta karatasi ya tangu juzi, ikaanguka sakafuni kama utepe.

"Meja. Njoo hapa."

Mstari ulikuwa umebonyea, kama mtambo unapopungukiwa nguvu kwa mvuke wenye maji. Kidogo, upana wa unywele. Ukabaki hivyo, ukarudi. Alipima kwa kidole dhidi ya alama za dakika.

Tisa.

Akaifuata karatasi mbele. Saa nane baadaye, kibonyeo kingine. Dakika tisa. Kingine.

"Si sisi hawa," alisema. "Valvu ya mtambo namba moja tunaiendesha kwa mkono tangu msiba, kirusi hakiwezi kuigusa. Na ukitazama mita ya mpakani, umeme unapungua ukitokea kwao. Hiki kibonyeo kinatoka Ng'ambo." Aligeuka. "Kiko kwao! Kirusi chao kiko kwenye kituo chao wenyewe!"

Alitegemea Meja ashtuke. Meja aliangalia buti zake.

"Unajua," alisema Subilaga.

"Tangu juzi. Kompyuta za valvu za pande zote zinatengenezwa karakana moja kule ziwani, ya watu wasio na upande. Moja yenu ilipelekwa matengenezo, ikakaa rafu moja na ya kwao. Kikavuka." Alijaribu kutabasamu. "Hakikuulizwa pasipoti."

"Na wao hawajui."

"Jeshi lao halijui. Waendesha mitambo wao hawajui hata kwamba kitu hiki kipo."

Akarudi mezani, akatoa karatasi ya mwisho. Ilikuwa na muhuri mwekundu na nafasi ya sahihi. Alieleza bila kupambapamba, na kwa hilo Subilaga alimpa alama. Vituo vyote saba vya Nyanda vilikuwa na kirusi, na bado hakuna aliyejua namna ya kukitoa. Ng'ambo wakigundua kwamba kimegunduliwa, wangekibadilisha au kukiamuru kivunje kila kitu kwa siku moja. Lakini wakiachwa bila kujua, mapanga yao yangeisha kimyakimya kama yalivyoisha ya Ikombelo, na adui angekatwa kwa kisu chake mwenyewe bila risasi hata moja.

"Ukitia sahihi hapa, hujaona chochote," alisema. "Na daftari hili nalichoma leo. Miaka saba inayeyuka. Unarudi nyumbani kwa mwanao."

"Na nisipotia?"

"Usinifanye nijibu hilo, mama."

Alichukua kalamu. Aliwaza ada ya shule, alimuwaza Tuntufye aliye darasa la sita na hajui kukaanga hata yai. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Na sahihi angeitia, wala hakulificha hilo baadaye, kama simu ya gridi isingelia.

*

Ilikuwa saa sita kamili. Kila saa sita, vita au amani, Ikombelo na kituo cha upande wa pili wa waya walipigiana simu kulinganisha mapigo. Hakuna serikali iliyothubutu kuizuia simu ile. Subilaga alibonyeza kipaza sauti kwa mazoea.

"Nyanda, Nyanda, hapa Ng'ambo," ilisema sauti nene, ya uchangamfu. Byaombe. Hawakuwahi kuonana. Miaka tisa alikuwa akiisikia sauti ile. Alijua kikohozi chake cha kiangazi na jina la mbuzi wake. "Mama Nyanda, bado uko hai?"

"Bado, baba. Mapigo?"

"Hamsini juu ya alama, safi kama uso wako."

"Uso wangu hujauona."

"Ndiyo maana nausifia bila woga." Akacheka. "Sikiliza, nitakata haraka leo. Mkaguzi mkuu anafika saa saba, na bosi wetu amechanganyikiwa, ametutoa wote vitini. Leo ati tuoshe vioo vya matangi! Mama, kile kioo sijakiona tangu nioe. Nimewatuma vijana wanne sasa hivi, wako kwenye ngazi wanashuka wakilaani."

Mkono wa Subilaga ulitua mezani. Aliangalia kinasa ukutani. Kalamu ilikuwa imebonyea dakika nne zilizopita. Maji ya Byaombe yalikuwa yanapanda sasa hivi. Zamu hiyo ilikuwa ya mtu asiyeshuka.

"Byaombe, subiri kidogo," alisema. "Usikate."

Meja alikuwa ameshanyanyuka. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Hapana," alinong'ona.

"Watu wanne."

"Nimesikia ni wangapi. Ukimwambia, jioni jeshi lao linajua. Kesho vituo vyetu saba vinaweza kulipuka. Watu wangapi hapo? Hesabu na hao!"

"Vituo saba nitakuambia cha kufanya. Kila valvu ikatwe umeme, ishikwe kwa mkono, mtu ashuke kila saa. Ni miguu tu, Meja. Tulipaswa kuwa tunafanya hivyo siku zote."

"Na kama vituo vingine hawakuwahi? Kama kirusi kina mlango mwingine ambao hatujauona? Unaweza kuniapia?"

"Siwezi."

"Basi unacheza na maisha ya watu wako kwa ajili ya watu waliomuua rafiki yako."

Neno hilo lilimpata, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alitazama kiganja cha Meja juu ya kipaza sauti. Kijana huyu naye alikuwa na mama mahali fulani.

"Waliomuua Anyosisye wamekaa ofisini wanakunywa chai," alisema. "Wale wanne walioko kwenye ngazi ni kina Anyosisye."

"Nitakukamata. Sitakuwa na njia nyingine."

"Nikamate. Lakini ngoja nimalize, sipendi kuongea huku navutwa. Toa mkono."

Hakuutoa. Subilaga hakumsukuma. Alizunguka meza, akanyanyua mkono wa simu wa zamani uliokuwa umening'inia ubavuni, ule wenye waya, na kipaza sauti kikazimika chenyewe.

"Byaombe. Nisikilize na usiniulize kwa nini. Una njia ya kuwaita walio chini?"

Uchangamfu ukatoka kwenye sauti ile kama maji kwenye beseni. "Kengele. Kuna nini?"

"Ipige. Wapande. Asiguse mtu koki ya kioo. Nimesema asiguse mtu. Piga sasa!"

Aliisikia kengele, kali, mbali, kutoka nchi nyingine. Meja alisimama mbele yake. Angeweza kuung'oa waya ule kwa mkono mmoja, na Subilaga aliona akiuangalia.

"Wanapanda?"

"Nawaona kwenye mlango. Mmoja. Wawili. Mama, umenitisha."

"Wengine?"

"Watatu..." Byaombe alipiga kelele kwa lugha yao, mara mbili, na mtu akajibu kwa hasira kutoka mbali. "Huyu alikuwa ameshashika koki, ati anauliza nani ana haraka. Anapanda. Amefika. Wote wanne wako kwangu."

Subilaga aliubana mkono wa simu kati ya sikio na bega.

"Sasa andika, na unirudie kila neno kama tunavyofanya na mapigo. Kata umeme wa mota ya valvu ya maji. Rudia."

"Nakata umeme wa mota ya valvu ya maji. Imekatwa. Lakini mama, skrini yangu inasema sitini, kila kitu kiko sawa..."

"Skrini yako inakudanganya. Maji yako yako karibu na tisini."

"Nani kakuambia wewe maji yangu?"

"Byaombe, ulisema hutaniuliza."

"Wewe ndiye uliyesema." Lakini alikuwa ameshaanza kutembea, nyayo zake zilisikika, na mlango wa chuma. "Niko kwenye gurudumu la mkono, la juu. Kijana ameshika simu."

Meja aliketi. Alitoa pingu mfukoni, akaziweka mezani taratibu zisipige kelele. Halafu akavuta redio yake, akaifungua, na bila kumtazama Subilaga akaanza kuviita vituo vya Nyanda kimoja kimoja kwa majina: kateni umeme wa valvu za maji, shikeni kwa mkono, shusheni watu, hii ni amri yangu, nitaiandika baadaye.

"Fungua robo mzunguko," Subilaga alisema kwenye simu. "Robo tu. Ukiharakisha bomba litapasuka. Rudia."

"Robo mzunguko. Siharakishi."

"Ngoja hesabu ya sitini."

Walihesabu pamoja, kila mmoja upande wake wa mpaka. Ukutani, kalamu ilianza kupanda.

"Robo nyingine," alisema.